Kifua Changu na Sukari ya Mama Mkwe

Siku mahari yangu ilipokamilika kule Lambwe, nilirudi Uriri nikiimba mpaka watu wa stendi wakadhani nimelewa. Sinywi. Mimi ni mtu wa kufurahi kwa sauti, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Mimi ni Mkuria wa upande wa mpakani, mke wangu ni Mjaluo wa bonde la Lambwe, na baada ya miaka ya kupeleka ng'ombe leo mmoja, mwakani mwingine, wazee wa kwao walisimama wakasema sasa inatosha. Katika maneno yao yote nililisikia moja tu: mama mkwe wangu sasa angeweza kuja kuyaona makao ya binti yake.

Kwa asiyezijua mila zetu, mama mkwe si mtu wa mchezo. Wajaluo wana heshima zao na Wakuria tuna zetu, lakini kwa mama mkwe tumekubaliana kana kwamba tulikaa kikao kimoja. Sipeani naye mkono. Simtazami usoni. Yeye hali chakula mbele yangu, halali chini ya paa langu, wala haingii choo changu. Na habari za mwili, uwe wake au wangu, hazitajwi kabisa kati yetu. Mtu angeniuliza mama mkwe wangu ana umbo gani, ningeweza kumweleza viatu vyake vizuri sana.

Lakini kulikuwa na simu. Sijui nani aliamua kwamba simu haimo kwenye miiko, ila namshukuru. Kwenye simu mama yule alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinitania kwamba ugali wa Wakuria unafaa kujengea ukuta, nami nikamwambia samaki wa kwao wana miiba mingi kuliko nyama. Tuliongea Kiswahili chetu cha sokoni, maana Dholuo yangu inaishia kwenye salamu na yeye Kikuria hakijui hata kidogo. Aliniita Orwa, yaani mkwe wetu, na kila aliponiita hivyo kichwa kilivimba. Kisha tukikutana ana kwa ana, kimya. Yeye anatazama migomba, mimi natazama viatu.

Kulikuwa na jambo ambalo hata kwenye simu hatukuligusa. Yeye ana sukari na presha, na mimi nina pumu. Habari za kwake niliambiwa na mke wangu kwa kunong'ona. Yangu, nilivyodhani, haikuwahi kufika Lambwe. Nilipokwenda kuposa, mjomba wangu alinionya nisikohoe hata nikipaliwa na mfupa, kwa sababu hakuna mzazi anayempa binti yake mwanamume mwenye kifua kibovu. Basi pampu yangu ya kuvuta dawa ilikaa mfukoni kama bangi, na nikiona shemeji anakuja, naingia nyuma ya ghala kuivuta.

Matayarisho ya ugeni yalinitia wazimu. Nina duka la mbegu na dawa za mifugo hapo Uriri, na kwa wiki nzima sikuwa na akili ya kuuza kitu. Nilipaka ukuta rangi ya krimu, nikaukuta haupendezi, nikapaka tena. Nilinunua viti. Halafu nikapata wazo ambalo mpaka leo mke wangu akilikumbuka hushika mbavu: nikachimba choo kipya nyuma ya migomba, nikakiwekea sakafu ya vigae, mlango wa bati na komeo la ndani, ili mama asiseme ni choo changu. Kitakuwa chake. Mimi sitakikanyaga maisha yangu yote.

"Mume wangu," mke wangu aliniambia, "umechimba wewe, kwa shamba yako. Hicho ni choo chako tu, hata ukiweka dhahabu."

Nilikasirika. Lakini ni hasira ya mtu mwenye furaha, haikai.

Walikuja Jumapili, wanawake saba wa kwao, na mvua kubwa ikawasindikiza kutoka Rongo mpaka kwetu. Madirisha ya gari yalifungwa njia nzima. Mmoja wao, shangazi mnene mcheshi, alishuka akipiga chafya, akasema ni vumbi la Homa Bay limemfuata. Vumbi gani na mvua ile! Lakini nani alijali? Walishuka na vikapu vya unga wa mtama, kuku, ndizi na samaki wa kukausha, wakaingia uani kwangu wakiimba, na mbele yao akaja mama mkwe wangu amevaa gauni la buluu na kitambaa cheupe. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa kifua kingebana hadharani. Nilisimama mbali, kando ya tangi la maji, nikaangalia chini na kutabasamu kama mjinga.

Tulikubaliana wakae mpaka katikati ya wiki. Wangelala kwa jirani yetu, mjane mmoja mkarimu ambaye nyumba yake inatazamana na yetu, ili mila isivunjike. Siku zile za kwanza zilikuwa sikukuu. Jumatatu niliteleza kwenye tope nikiwa nimebeba sufuria ya ugali, nikaanguka chali, ugali ukabaki mikononi mwangu umeinuliwa juu, salama kabisa. Nikasikia mtu anacheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni. Nikainua macho kabla ya kufikiri, nikakuta ni yeye. Tulitazamana usoni, mimi na mama mkwe wangu, labda kwa pumzi moja, tukacheka wote wawili. Kisha akageuza uso haraka, nami nikainuka na ugali wangu.

Jumanne wanawake wote walikuwa wanapiga chafya. Mke wangu naye akaanza. Ilikuwa homa ya mafua, ile inayopita nyumba hadi nyumba msimu wa mvua, na walivyoichukulia ni kama mgeni wa nane. Walichemsha tangawizi na ndimu, wakafunga vichwa kwa leso, wakaendelea kuongea. Mke wangu alinifukuza nyumbani papo hapo. "Nenda ukalale dukani. Hiyo kifua yako haichezi na mafua." Nilikwenda bila ubishi. Nimewahi kupata mafua ya namna ile, na kilichokuwa kwa wengine pua kuchuruzika, kwangu kilikuwa wiki moja ya kuvuta hewa kama ninayevuta maji kwa mrija uliobanwa.

Jumatano, shangazi mcheshi aliamka akidai nyama. Wengine wakafua nguo. Mama mkwe wangu hakuamka.

Mke wangu alinipigia simu dukani akilia. Mama ana joto kali, alisema, anahema, na maneno yake hayashikani vizuri. Nikapanda pikipiki, nikamchukua njiani daktari wa zahanati, kijana ambaye hununua kwangu chanjo za kuku wa mama yake, nikampakia nyuma hata koti hajavaa. Nilifika uani nikasimama kando ya tangi langu. Yeye akaingia kwa mjane. Kupitia dirisha nilisikia kila kitu.

Alimbana kidole na kile kifaa cha kupimia hewa kwenye damu, akasema hewa iko chini. Akamtoboa kidole kingine kupima sukari, na mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi tu, alisema, na hiyo ndiyo namna yake ya kusema sukari imepita mahali inapoweza kuhesabu. Kisha akauliza mama amekunywa maji kiasi gani tangu Jumapili.

Mke wangu akalia upya, maana alikuwa amelijua jibu kabla ya yeyote kufungua mdomo. Mama hakuwa amekunywa karibu chochote. Angekunywa, angehitaji choo. Choo cha mkwe haendi, na cha mjane kiko mahali ambapo mtu akienda lazima apite mbele ya ua wangu, nimuone. Kwa hiyo aliloanisha midomo tu. Na vidonge vyake vya sukari alivimeza kwa siri siku ya kwanza, kisha akaviacha kikapuni, kwa kuwa mbele ya kina mama wale hakutaka mtu anifikishie habari kwamba mama mkwe wangu ni mgonjwa.

Choo cha vigae! Nilikitazama pale nyuma ya migomba, kiking'aa na komeo lake, nikatamani kukipiga teke.

Daktari alitoka akatueleza pale uani, na nayakumbuka maneno yake kwa sababu nilikuwa ninatafuta ndani yake kitu cha kufanya. Virusi ni vilevile, alisema, vya gari lilelile. Lakini havikuingia kwenye miili iliyo sawa. Mtu mwenye sukari, mwili wake huchelewa kupambana navyo, na mafua yakiingia, yenyewe hupandisha sukari zaidi. Sukari ikipanda, mwili unazidi kulegea, na mafua yanapata nafasi ya kushuka mapafuni. Kimoja kinakisukuma kingine. Ongeza presha, ongeza kukosa maji. "Hawa wengine wameamka," alisema, "lakini yeye anazama. Hospitali ya Migori, sasa hivi."

Nilikuwa tayari na ufunguo wa gari mkononi. Nina gari dogo la mizigo lenye viti viwili mbele, na kama lingehitaji kuruka ningelirusha.

Mama alikataa.

Hapo ndipo kina mama wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa wanawake sita unasikika mpaka barabarani. Shangazi mcheshi, ambaye sasa hakucheka, alisema hii ni chira. Chira ni balaa linalomfuata mtu aliyevunja mwiko, na kila mmoja alijua mwiko gani. Siku ya Jumatatu mama alimcheka mkwe wake, akamtazama machoni. Basi asipelekwe hospitali. Arudishwe Lambwe leo, wazee wayatengeneze kwanza, ndipo dawa itashika.

Nikawa mbogo. Nilipiga kelele kutoka kwenye tangi kwamba mafua yameletwa na yeye shangazi mwenyewe na chafya zake, na Lambwe ni mbali, na mtu anayehema hawezi kusubiri kikao. Mke wangu akanitazama kwa macho ya kuniambia ninaharibu. Nilikuwa ninaharibu. Wale kina mama walijikusanya mlangoni, na nikaona kabisa kwamba nikizidi kufoka, watampakia kwenye matatu ya kwanza na kuondoka naye, naye atafia njiani, na binti yake hatanisamehe.

Nikafanya kitu kimoja nilichojua. Nikatoa simu, nikampigia.

Niliisikia ikiita ndani, pale pale ng'ambo ya uani, kutoka chini ya mto wake. Iliita sana. Kisha sauti yake ikaja sikioni, nyembamba, yenye kukatika.

"Orwa."

"Mama, niko hapa nje. Tafadhali ingia kwa gari. Mambo ya chira nitalipa mimi. Ng'ombe, mbuzi, chochote wazee watasema. Lakini twende kwanza."

Nikamsikia akihema.

"Chira gani?" akasema. "Nani amesema chira? Mimi nilicheka kwa sababu ulianguka vibaya." Akakohoa, akapumzika. "Sitaki gari yako."

"Kwa nini, Mama?"

"Gari yako iko na viti viwili tu. Wewe utakuwa hapa, mimi hapa. Nitakukoholea." Akavuta pumzi. "Orwa, hiyo kifua yako, mimi nasikiaga kwa simu. Miaka yote nasikia. Inalia kama mlango. Ukishika hii homa yangu utakufa, na msichana yangu atabaki na nani?"

Nilikuwa nimesimama na simu sikioni, mtu mzima mwenye duka, na machozi yakinitiririka mbele ya wageni. Miaka yote ile ya kuingia nyuma ya ghala! Alijua. Alijua kabla ng'ombe wa pili hajafika Lambwe, na hakumwambia mtu, na aliendelea kuniita Orwa. Na sasa amelala pale, mdomo umekauka, sukari imepita mashine, na anahesabu hatari yangu badala ya yake.

Nilifurahi. Najua si neno la kutumia mahali pale, lakini ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilinipanda kutoka miguuni, kali kuliko siku ile ya stendi, kwa sababu kama shida ilikuwa kifua changu na si mwiko, basi shida ilikuwa na dawa.

"Mama, sikia," nilisema. "Sitapanda gari hilo. Fundi wa magari hapa ana Probox, ile gari ndefu nyuma, ataendesha yeye. Utalala nyuma na binti yako, madirisha yote wazi, na barakoa mtavaa. Mimi nitafuata na pikipiki, mbali, kwenye upepo. Umekubali?"

"Mbali kabisa?"

"Mbali kabisa."

"Sawa," akasema. "Na mtu aniletee maji. Maji mingi. Sasa nitakunywa."

Shangazi ndiye aliyekimbia na jagi. Sikumdai neno lolote, naye hakunidai.

Barabara ya Uriri kwenda Migori sikuwahi kuiona fupi namna ile. Probox ilienda mbele madirisha wazi, nguo ya buluu ikipepea, nami nyuma kwa umbali niliouahidi, nikipiga honi kwa kila mbuzi na kila gunia lililokaa vibaya, nikiimba tena, nikiomba Mungu, nikitukana malori. Watu wa Migori walitupisha. Pale hospitalini walimpokea kwa kiti cha magurudumu, wakamwekea oksijeni, maji ya mshipa na insulini, na daktari wa zamu akatuambia mafua yalikuwa yameshaanza kuwa nimonia. Alisema tumewahi. Nilimwomba arudie neno hilo, tumewahi, akarudia.

Wodini sikuingia. Nilikaa nje kwenye ukuta mfupi chini ya jua, na kila asubuhi nilimpigia simu. Siku za kwanza alijibu kwa kuguna. Halafu akaanza kuulizia mvua. Asubuhi aliyonitania kwamba uji wa hospitali umepikwa na Mkuria, niliruka kutoka kwenye ukuta ule nikamkumbatia askari wa getini, ambaye hakupendezwa.

Tangu hapo tumekuwa na mazungumzo ambayo mila haikuyatarajia. Ananiuliza kama pampu yangu ina dawa. Namuuliza sukari imesomaje asubuhi, ananitajia namba. Kwa simu tu, lakini tunataja. Wazee wa Lambwe walisikia habari ya kicheko, wakachinja mbuzi, wakamla, wakasema yamekwisha, na mimi ndiye niliyemnunua mbuzi kwa furaha. Sina ugomvi na mbuzi.

Juzi, kabla ya mvua za mwaka huu kuanza, mke wangu alisikia kwamba kliniki moja ya Homa Bay mjini imeletewa chanjo ya mafua. Daktari wetu wa zahanati alikuwa ametuambia kwamba haizuii kila kitu, ila kwa watu kama sisi wawili inaweza kuwa tofauti kati ya kuumwa na kulazwa. Tukapanga kukutana huko. Mama akatoka Lambwe, sisi tukatoka Uriri, na tukakutana kwenye benchi la nje, ziwa likionekana kati ya mabati. Benchi lilikuwa refu. Yeye aliketi mwisho huu, mimi mwisho ule, mke wangu katikati, mimi nikitazama viatu vyangu na yeye akitazama maji.

Foleni ilikuwa ndefu, na dawa, walisema, haikuwa nyingi. Muuguzi akatoka na kusimama mbele ya watu wote. Akasema ataanza na wenye magonjwa ya kudumu, kwa hiyo kila mwenye ugonjwa aseme anao upi, kwa sauti, ili apangwe. Nilijikunyata. Kwenye foleni ile kulikuwa na watu wa Lambwe, wa ukoo wa mke wangu, wazee waliokula ng'ombe zangu wakiamini mkwe wao ni mzima kama jiwe. Mkono wangu uliishika pampu ndani ya mfuko na ulimi wangu ukakataa.

Mama mkwe wangu alisimama. Alisimama taratibu, akishika goti.

"Mimi niko na sukari na presha," alisema, na sauti yake ilifika mpaka mwisho wa foleni. Kisha akageuka, akanyoosha kidole kwangu. "Lakini mwanze na huyu. Huyu ni orwa. Ako na kifua, na mimi nataka akae na sisi."

Watu wote waligeuka. Muuguzi akaniita. Nilivuka mbele ya benchi, nikavua koti, nikakunja mkono wa shati mpaka begani mbele ya mama mkwe wangu, na sindano ilipoingia nikainua macho. Alikuwa ananitazama usoni, na hakugeuza uso.